Mlango wa dereva kwenye pikapu unacheza na kugonga: tuanze na bawaba, kitasa au kioo?

Vumbi Tele

Wakuu, heshima kwenu. Nina pikapu dabo kebini ya siku nyingi, kazi yake mizigo na njia mbovu. Injini haina neno, gia safi, ila mlango wa dereva umenishinda. Kwenye lami siusikii. Nikiingia tu kwenye rafu rodi unaanza kwa-kwa-kwa, mpaka ukitaka kusemezana na abiria lazima upaze sauti. Kuufunga nako ni shughuli: usipouinua kidogo haushiki, unarudi.

Gereji niliyoupeleka, fundi hata hajaufungua vizuri, kachukua nyundo anataka kuishusha straika, kile kitanzi cha chuma kwenye nguzo, ikutane na kitasa. Nikamwambia ngoja kwanza. Mwingine anasema nitafute mlango mzima uliotumika, nifunge, nisahau. Kabla sijamlipa mtu nataka nijue kinachocheza hasa ni nini. Mnaojua nipeni mwanga.

Chini ya Gari

Mkuu umefanya vyema kuizuia hiyo nyundo. Straika ndiyo ya mwisho kuguswa, siyo ya kwanza. Mlango ukilala, yaani ncha ya nyuma ikishuka, kitasa nacho kinashuka. Ukiishusha straika ikifuate, mlango utafunga kwa muda na wewe utaona umepona, kumbe bawaba bado zinaliwa. Baadaye utaishusha tena. Mwisho nafasi ya kuishusha inakwisha, rangi ya chini ya mlango imeshakwanguka na bawaba zimeshakufa kabisa.

Fanya hivi. Paki mahali tambarare, fungua mlango karibu theluthi moja, usiufikishe mwisho. Chuchumaa kwenye ncha ya nyuma, shika sehemu ya chini ya mlango kwa mikono miwili, uinue na kuushusha taratibu. Usishike fremu ya kioo wala kishikio, hivyo vinapinda na vitakudanganya. Mwambie mtu mwingine aweke tochi kwenye bawaba na atazame, maana wewe unayeinua huwezi kuona.

Anachotafuta ni hiki: je, pini inacheza ndani ya bawaba? Au bawaba nzima inasogea kwenye nguzo, bolti zikiwa zimelegea? Au bolti zimekaza lakini bati lenyewe la nguzo au la mlango linapumua, maana limepasuka? Dalili ni moja, mlango unacheza, lakini kazi zake ni tatu tofauti kabisa. Ya kwanza ni pini na bushi, ile pete nyembamba inayoizunguka pini. Ya pili ni spana tu. Ya tatu ni ya fundi bodi na mashine ya kuchomelea, hapo hakuna njia ya mkato.

Nyundo Moja

Mnamchosha bure jamaa. Kata kipande cha tyubu ya tairi, kipachike chini ya raba ya mlango upande wa kitasa, funga mlango kwa nguvu. Kelele kwisha. Mimi natembea hivyo na sina tatizo.

Chini ya Gari

@Nyundo Moja kelele inakwisha kwa sababu umeubana mlango dhidi ya kitasa kilichochoka. Hujatengeneza, umenyamazisha. Halafu raba iliyosukumwa upande mmoja inaachia upande mwingine, mvua ya kwanza tu maji yako kwenye kapeti.

Bi Spana

Niongezee jambo ambalo watu wanalipita. Mlango unaocheza siyo suala la kelele peke yake. Kitasa, straika na bawaba ndivyo vinavyomzuia mtu asitupwe nje gari likigongwa au kupinduka. Suala hilo lina uzito kiasi kwamba kanuni ya kwanza kabisa ya kiufundi ya magari ya dunia nzima chini ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa Novemba 2004, ilihusu vitasa na bawaba za milango. Si breki, si taa. Kitasa kilichoshika sawasawa kinatakiwa kuhimili mvuto wa nyutoni 11,000 kuelekea mbele au nyuma, na 9,000 kuelekea nje. Nyutoni 11,000 ni kama uzito wa kilo 1,100 na zaidi. Bawaba nazo zina viwango vya namna hiyo hiyo.

Sasa sikiliza mlango wako unapofunga. Kitasa kina hatua mbili: mlio wa kwanza, halafu wa pili. Kikiishia kwenye mlio wa kwanza mlango unaonekana umefunga, ila unacheza, na nguvu inayodaiwa kwenye hatua hiyo ni nyutoni 4,500 tu. Hiyo ni nusu ya ile ya kuelekea nje, na chini ya nusu ya ile ya mbele na nyuma. Pikapu nyingi zinazogonga milango zinatembea kwenye mlio wa kwanza siku nzima na mwenyewe hana habari. Kaa ndani, funga, usukume kwa bega bila kugusa kishikio. Ukisikia "ka" nyingine, ulikuwa hujafunga.

Na wewe Nyundo Moja, mdogo wangu, hiyo raba ya tyubu uliyoipachika ndiyo inayoweza kukiacha kitasa chako kwenye mlio wa kwanza. Kakague leo.

Nyundo Moja

Dada umenitisha. Naenda kuangalia.

Vumbi Tele

Wakuu nimerudi na majibu. Tumefanya kama alivyosema Chini ya Gari, kijana wangu kashika tochi. Bolti zote zimekaza, nimezijaribu kwa spana. Bati halijapasuka. Bawaba ya chini imetulia kabisa. Ya juu ndiyo ngoma: ukiinua mlango, pini inaonekana kabisa inahama ndani ya tundu, na kuna unga mweusi wenye kutu umeganda pembeni yake.

Kingine, kioo kikiwa juu kabisa mgongano unapungua. Nikikishusha nusu kelele inakuwa mara mbili, tena nyingine nyepesi, kama chaka-chaka. Ina maana nina maradhi mawili?

Chini ya Gari

Mawili, ndiyo. Tumalize la bawaba kwanza, la kioo litasubiri.

Huo unga mweusi ni bushi iliyosagika. Ndani ya bawaba za namna yako kuna bushi mbili nyembamba za shaba au za aina nyingine ya metali laini, zimewekwa hapo makusudi ziliwe zenyewe ili pini na bawaba vibaki salama. Bushi ikiisha, chuma kinasuguana na chuma, na tundu linaanza kuwa la yai. Bawaba ya juu kwa kawaida uzito wa mlango unaivuta nje, ya chini unaisukuma ndani, kwa hiyo usishangae kuona moja imechoka kabla ya nyingine. Ila ukishafungua, badilisha zote mbili. Mlango uliobebwa na bushi mpya juu na nzee chini hautakaa sawa muda mrefu.

Kazi yenyewe: kama mlango una umeme wa vioo au spika, chomoa terminali hasi ya betri. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, subiri dakika kadhaa kabla hujagusa waya. Toa ule mkono unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi, mara nyingi ni bolti moja kwenye nguzo. Weka jeki chini ya mlango karibu na ncha ya nyuma, juu ya jeki ubao, juu ya ubao kitambaa kizito. Jeki iubebe mlango tu, isiuinue. Ukiuinua unaipa pini mzigo mpya na haitatoka.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za madigadi na za mlango, maana hapo ndipo rangi hung'oka. Toa pini moja, weka bushi, rudisha pini mpya, ndipo uende ya pili. Usithubutu kutoa zote mbili kwa pamoja ukiwa peke yako. Mlango wa mbele wa dabo kebini ni mzito kuliko unavyofikiri, na zile waya ndani ya mpira wa mkunjo hazikutengenezwa kuubeba.

Pini iliyoganda ipulizie mafuta ya kupenyeza kutu, iache ilale. Kisha igonge kutoka upande usio na kichwa kwa panchi inayolingana nayo unene. Ikigoma, ikate kichwa kwa msumeno wa chuma. Bushi mpya usiipige nyundo moja kwa moja, itavimba mdomo. Isukume kwa jiliwa, au tumia soketi inayoenea ukingo wake na ugonge kidogokidogo. Ikiingia kwa kidole bila ubishi, tundu lako limeshapanuka, utahitaji bushi ya saizi kubwa zaidi au bawaba nyingine.

Kijana wa Rafu

Samahani naingilia. Yangu ni Toyota Hilux, nimeangalia sioni pa kutolea pini, imepigwa vichwa pande zote mbili. Inakuwaje?

Bi Spana

Hiyo pini imefungwa kiwandani, haikukusudiwa kutolewa. Ikichakaa unabadilisha bawaba nzima. Kuna mafundi wanaoichoma pini kwa weldi ili "isicheze". Kataa. Joto linaharibu chuma cha bawaba, na safari nyingine hakuna wa kukufungulia.

Kuna jambo kwenye Toyota nyingi linalowachanganya watu. Bolti za kiwandani za bawaba zimechongwa shingo ya kujipanga zenyewe katikati ya tundu. Ukilegeza, ukausogeza mlango, ukikaza tu unarudi palepale, unabaki kusema gari lina jini. Wakati wa kurekebisha unaziondoa hizo, unaweka bolti za kawaida za ugumu uleule pamoja na washa. Bolti za upande wa nguzo zinakupa kwenda juu, chini, mbele na nyuma. Za upande wa mlango zinakupa juu na chini, pamoja na kuuingiza au kuutoa nje. Kabla hujalegeza chochote, izungushie bawaba mstari wa kalamu ya wino mzito, ili ukipotea ujue pa kurudi.

Na mwenye Chevrolet au GMC za miaka ya tisini, uangalifu zaidi: bawaba zake zina springi nene iliyobanwa. Ikichomoka inakuja usoni. Kuna kifaa chake cha kuibana, tumia hicho, siyo bisibisi na sala.

Vumbi Tele

Bushi na pini nimezipata, zimeingia kwa ubishi kama inavyotakiwa. Mlango hauchezi tena ukiuinua. Ila sasa kitasa kinagonga straika kwa juu, kabla hata hakijaingia!

Chini ya Gari

Safi sana, hiyo ndiyo habari niliyokuwa naisubiri. Mlango umepanda, umerudi mahali pake. Maana yake straika kuna mtu aliwahi kuishusha zamani. Sasa zamu yake imefika.

Ichoree mstari wa kuizunguka. Pikapu nyingi za Kijapani straika imeshikwa na skrubu mbili za bisibisi ya nyota, nyingine ni Torx, zile zenye tundu la ncha sita. Hizo skrubu za Kijapani mara nyingi zina nukta ndogo kichwani, na njia zake hazilingani sawasawa na bisibisi za kawaida za kimagharibi, ndiyo maana zinateleza na kuliwa. Tumia biti inayoingia mpaka chini, au bisibisi ya kugongwa, ile unayoipiga nyundo nayo inajizungusha. Ukishaila njia, umejiongezea kazi.

Legeza kiasi straika isogee kwa kugongwa kidogo na mpini wa nyundo, lakini isianguke yenyewe. Paka grisi nyepesi juu ya kitanzi. Vuta kishikio cha nje ukishikilie, usogeze mlango taratibu mpaka kitasa kikutane na kitanzi, kisha fungua utazame grisi imefutika wapi. Inatakiwa kitasa kiingie bila kupanda wala kushuka. Ukiona alama iko juu tu, pandisha straika kidogo. Tunazungumzia milimita moja, mbili, si zaidi.

Urefu ukikaa sawa ndipo uende kwenye kuingiza ndani au kutoa nje. Kipimo ni karatasi: ifungie kati ya raba na bodi, ivute. Itoke kwa ubishi bila kuchanika. Zunguka mlango mzima hivyo. Ikichomoka kirahisi nyuma tu, ingiza straika ndani kidogo. Ikichomoka kirahisi mbele karibu na bawaba, straika haihusiki, hapo ni bawaba au raba yenyewe imelala. Tazama pia kwa pembeni: ncha ya nyuma ya mlango wa dereva iwe sawa na mlango wa abiria wa nyuma, isichomoze wala kuzama.

Ukimaliza kaza kwelikweli, halafu sikiliza ile milio miwili aliyosema Bi Spana.

Mzee wa Lami

Naunga mkono, na nitoe kipimo kingine cha kumaliza ubishi. Zungushia straika tepu ya umeme mikunjo michache, nenda njia mbovu. Kelele ikipotea, kinachogonga ni kitasa na straika. Ikibaki vilevile, acha kuhangaika hapo, fungua paneli ya ndani. Hiyo tepu ni kipimo tu, itasagika, msiifanye dawa. Zile straika za zamani zenye umbo la pini huwa zina mkono wa plastiki juu yake, ukiisha unapata kelele hiyohiyo, na plastiki hiyo hubadilishwa.

Kuhusu chaka-chaka ya kioo: nina hakika reli yake ya mbele imelegea. Kioo kikiwa juu kabisa kinabanwa na fremu pande zote, kikishuka nusu kinabaki kinategemea reli na mashine ya kioo. Toa skrubu za kishikio cha ndani na za sehemu ya kuwekea mkono. Zipo pia zilizofichwa nyuma ya vifuniko vidogo, zitafute kabla ya kuvuta. Klipu zifungue kwa kitu bapa cha plastiki, karibu kabisa na klipu yenyewe, siyo katikati ya paneli. Klipu zilizovunjika ni chanzo cha kelele peke yake, nunua mpya.

Ukishafungua utakuta nailoni imegandishwa. Ibandue polepole, usiichane, itarudi. Ingiza mkono, tikisa kila kitu: reli ya kioo, mashine ya kioo, spika, na vile vifimbo vyembamba vinavyokwenda kwenye kitasa na kwenye kitufe cha kufungia. Vifimbo hivyo vimeshikwa na klipu za plastiki, zikivunjika vinapiga bati kila shimo. Funga kitambaa cha gundi au povu lisilonyonya maji pale vinapopita karibu na chuma. Sponji ya godoro hapana, inakunywa maji na kuozesha mlango. Na pekua chini kabisa: kuna nati, vipande vya plastiki, wakati mwingine skrubu aliyoiangusha fundi wa zamani akaona uvivu kuitafuta. Hiyo pekee inatosha kukukosesha raha safari nzima.

Vumbi Tele

Mzee umepiga penyewe. Reli ya mbele inashikwa chini na bolti moja, ilikuwa inazunguka kwa vidole. Na skrubu nimeikuta kweli, imelala kwenye matope mlangoni humo. Nikipaka grisi kwenye zile kanda za pembeni mwa kioo ni sawa?

Bi Spana

Si sawa. Grisi ya petroli inavimbisha raba na inakamata vumbi, baada ya muda kioo kinapanda kwa shida. Kwenye kanda na raba tumia spirei ya silikoni. Kwenye bawaba, kitasa na ule mkono wa kuzuia mlango, hapo ndipo grisi nyeupe ya lithiamu. WD-40 isafishie tu, isikae kama kilainishi, haidumu.

Na hayo matope uliyoyakuta yana maana: matundu ya kutolea maji chini ya mlango yameziba. Maji hupita pembeni mwa kioo na kuingia mlangoni kila mvua, hilo ni la kawaida, mradi yapate pa kutokea. Yazibue kwa waya laini. Nailoni ukiirudisha, ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango, maji yashukie huko, yasije kwenye kapeti.

Kijana wa Rafu

Mimi nimefuata yote, mlango ukiwa umesimama uko sawa kabisa, karatasi inabana, milio miwili ipo. Lakini tairi moja la mbele likipanda jiwe, mlango unalia na kufungua unakuwa mgumu. Nikirudi tambarare umepona.

Chini ya Gari

Kaka, hapo mlango hauna kosa. Pikapu ni kebini iliyokaa juu ya chasisi kupitia raba na bolti. Chasisi inapinda kidogo kila tairi moja linapopanda, na raba za kebini ndizo zinazoyameza mapindo hayo yasifike juu. Zikiisha, au bolti ikilegea, kebini inapindishwa pamoja na chasisi, na tundu la mlango linabadilika umbo.

Lala chini utazame kila raba: iliyopasuka, iliyobonyea kuliko wenzake, au yenye kutu inayong'aa pembeni ya washa. Kisha mtu aingie aitikise kebini kushoto na kulia wakati wewe umeweka kidole pembeni, pale raba inapokutana na mabano yake. Usiweke kidole ndani, weka pembeni tu, uhisi. Ukikuta moja imekufa pima nafasi za milango kabla ya kubadilisha na uziandike, kwa sababu raba mpya zitaipandisha kebini na straika yako itataka kuguswa tena.